Matibabu yamekwisha, lakini usingizi haujarudi: nifanyeje?

Mwalimu wa Tanga

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mama wa watoto wawili, na mwaka juzi niligundulika kuwa na saratani ya titi la kushoto. Nilifanyiwa upasuaji, nikapitia mizunguko minane ya dripu za kemo, kisha nikaenda Dar es Salaam kwa wiki kadhaa za mionzi. Huu ni mwezi wa tisa tangu nimalize yote hayo. Vipimo vinaonyesha hali nzuri, na dawa iliyobaki ni tamoksifeni ya miligramu 20, ambayo nimeambiwa nitaimeza kila siku kwa miaka isiyopungua 5. Kila anayeniona husema nimepona, nami namshukuru Mungu kwa dhati. Shida yangu ni usiku.

Ninapanda kitandani saa mbili usiku kwa sababu mwili umechoka kabisa, nasinzia mang'amung'amu hadi karibu saa sita, kisha joto linanipanda ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na jasho linanitiririka mpaka kanga niliyojifunga inalowa kama iliyotoka kufuliwa. Nikishabadilisha kanga, usingizi umesharuka. Kutoka hapo nagaagaa, siwezi kulalia upande wa kushoto kwa sababu ya kidonda cha zamani na mkono unaovimba, vidole vya miguu vina ganzi na mchomo, na katika giza hilo kila maumivu madogo nayasikiliza kana kwamba ni ugonjwa unaorudi. Saa tisa na saa kumi ndizo mbaya kuliko zote. Nasikia jogoo la kwanza, nasikia adhana ya alfajiri, naamka saa kumi na moja kwenda kazini nikiwa nimelala labda saa tano kwa jumla, na siku nyingine sikupata hata lepe.

Kuna jambo jingine ambalo huenda litaonekana dogo. Kila asubuhi nyumbani na shuleni naulizwa, "Umelalaje, mwalimu?" nami najibu, "Salama," kama desturi inavyotaka. Nimelijibu swali hilo kwa uongo kwa miezi mingi, na sasa linanichoma. Nilipolieleza tatizo kliniki, niliyemkuta siku ile aliniambia nishukuru kwamba niko hai. Jirani yangu, kwa nia njema, amenipa vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vilivyobaki vya marehemu mama yake. Viko kabatini, sijavimeza bado.

Ninaomba kusikia kwa waliopita njia ndefu ya kupona, iwe ni kwa saratani au kwa ugonjwa mwingine mzito. Je, usingizi wenu ulirudi? Mlifanya nini wakati mnausubiri?

Mkulima wa Siha

Pole sana, mwalimu, na hongera kwa safari uliyokwisha kuimaliza. Mimi niliugua kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, na matibabu yangu ya wakati ule yalikuwa ya miezi 20. Nimesoma maelezo yako ya saa tisa na saa kumi nikaona ni kama umeandika usiku wangu mwenyewe.

Kwangu mimi kulikuwa na mambo matatu yaliyochanganyika, na kwa muda mrefu niliyaita yote kwa jina moja la kukosa usingizi, jambo ambalo naona ndilo lililonichelewesha. La kwanza lilikuwa dawa iitwayo saikloserini, ambayo iliniletea majinamizi ya kutisha hata nikaogopa kufumba macho. Niliona aibu kulisema, nikidhani nimerogwa au akili inaniponyoka, mpaka muuguzi mmoja aliponiuliza moja kwa moja, "Je, unaota vibaya?" Nilipokiri, daktari alirekebisha dozi na kuniongezea vitamini B6, na majinamizi yakapungua. La pili lilikuwa masikio. Miezi ya mwanzo nilichomwa sindano za kanamaisini, dawa inayoweza kuharibu usikivu, nami imeniachia mlio mwembamba wa kengele usiokoma. Mchana siusikii kwa sababu ya ng'ombe na watu, lakini usiku nyumba ikinyamaza mlio huo hujaa kichwani. Namshukuru Mungu kwamba tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri sindano hiyo iachwe, na wengi wanaoanza matibabu siku hizi hupewa vidonge kwa miezi 6 tu. Dawa ya mlio wangu ilikuwa redio ndogo: naiweka mbali na kitanda, katikati ya masafa mahali ambapo hakuna stesheni, ile sauti ya mchakacho iwe chini kabisa, na sikio hupata kitu kingine cha kusikiliza.

La tatu ni woga, na hilo halikuisha siku nilipotangazwa kupona. Kikohozi kimoja cha vumbi kilitosha kunikesha. Nilikuwa nalala chali nikihesabu pumzi, nikisikiliza kifua, na kadiri nilivyousaka usingizi ndivyo ulivyokimbia. Usiku mmoja nilichoka kulala pale, nikaenda jikoni, nikawasha taa yenye mwanga hafifu na kuanza kupukuchua mahindi ndani ya ungo. Sikuwa na haraka wala sikutaka kuyamaliza. Baada ya magunzi matano au sita vidole vilianza kuzembea, punje zikawa zinaanguka pembeni, nikajua sasa mwili wenyewe unataka kulala. Nikarudi kitandani, nikalala. Tangu hapo, nikiona nimekaa macho kwa muda naondoka kitandani, narudi pale tu macho yanapokuwa mazito. Ilichukua miezi, lakini usingizi wangu ulirudi. Leo nalala vizuri siku nyingi, ingawa si zote.

Jambo moja zaidi: mimi hulala pia mchana baada ya shamba, kwa muda wa saa mbili hivi, na huwa linanisaidia. Jaribu.

Muuguzi wa Mombasa

Dada yangu mwalimu, pole. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, sehemu yake katika wodi ya wagonjwa wa saratani, na ningependa kuanza na yale maneno uliyoambiwa kliniki, kwa kuwa yameniuma. Kukosa usingizi baada ya saratani ni tatizo la kitabibu linalojulikana, lina sababu na lina matibabu, na mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai wake huku akidai kutibiwa. Rudi kliniki, ulieleze upya kama ulivyotueleza hapa, na kama utakayemkuta hatakusikiliza, omba kuonana na mwingine.

Ndugu wa Siha amesema neno la maana sana kuhusu kutenganisha sababu. Katika maelezo yako mimi naona nne. Joto lile linatokana na tamoksifeni, ambayo huuzuia mwili kutumia homoni ya estrojeni ipasavyo, na sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huvurugika kama inavyokuwa kwa mwanamke anayekoma hedhi. Wengine hushauriana kuihamisha dawa kutoka usiku hadi asubuhi. Hakuna ubaya kumwuliza daktari, lakini usitegemee mengi, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini kwa siku nyingi na kiwango chake hakipandi na kushuka sana kwa saa. Muhimu ni kutoiacha bila ushauri. Ganzi na mchomo wa vidole mara nyingi huachwa na baadhi ya dawa za kemo, na kuna dawa za mishipa ya fahamu zinazoweza kuupunguza mchomo huo. Mkono unaovimba unahitaji kuonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo; kwa sasa lalia upande wa kulia, uweke mto mbele ya kifua na kuuegemeza mkono wa kushoto juu yake, usiuache ukining'inia. Ya nne ni hofu, ambayo nitairudia.

Vile vidonge vya kabatini, tafadhali usivitumie. Diazepamu inaweza kukupa usingizi wa siku chache, lakini mwili huizoea upesi, dozi hudai kuongezwa, na mtu akiiacha ghafla baada ya muda mrefu usingizi huharibika kuliko mwanzo. Hukaa mwilini hadi siku inayofuata, na wewe unasimama mbele ya watoto asubuhi. Virudishe kwenye duka la dawa au hospitalini. Vivyo hivyo wale wanaomeza vidonge vya mafua na mzio ili wasinzie: usingizi ule ni mzito lakini si mzuri, na asubuhi huacha kichwa kizito. Kuna onyo lingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Baadhi ya dawa za sonona, hasa fluoksetini na paroksetini, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni iwe na nguvu. Ikiwa daktari mwingine atataka kukuandikia dawa ya sonona au ya joto, mwambie wazi kwamba unatumia tamoksifeni. Zipo nyingine kama venlafaksini ambazo haziingilii kwa kiasi hicho na ambazo hutumiwa pia kupunguza hilo joto. Na ukitumia mizizi au unga wowote wa mitishamba, mtajie pia.

Sasa usingizi wenyewe. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kilishauri kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze kutibiwa kwa mafunzo ya tabia na fikra kabla ya vidonge. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni ile ile aliyoigundua ndugu yetu kwa ungo wake wa mahindi: kitanda kikishazoeleka kuwa mahali pa kugaagaa na kuwaza, mwili hujifunza kuamka mara tu unapokigusa, kwa hiyo huna budi kuufundisha upya. Nyingine ni hesabu. Umesema unapanda kitandani saa mbili usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, yaani saa tisa kitandani, na katika hizo unalala tano. Saa nne zilizobaki unazitumia kuogopa. Andika kwenye daftari kila asubuhi kwa wiki mbili, kwa makadirio tu, bila kutazama saa usiku, ulipanda lini, ulilala kiasi gani, uliamka lini. Ikiwa hesabu itabaki hiyo, acha kupanda kitandani mapema. Kaa macho hadi saa tano usiku, uamke saa kumi na moja ile ile, hata Jumapili. Siku za kwanza zitakuwa ngumu na utasinzia mchana. Usingizi ukishajaza karibu saa zote hizo sita, ongeza robo saa, ungoje wiki, uongeze tena. Usishuke chini ya saa tano na nusu kitandani, na asifanye hivi mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, wala anayeendesha gari au bodaboda kwa riziki, bila daktari kumsimamia.

Hapa ndipo ninapotofautiana kwa heshima na ndugu wa Siha. Saa mbili za mchana zinamfaa yeye ambaye usingizi wake umekwisha kurudi na anayefanya kazi ya jembe. Kwa anayeujenga upya, kulala mchana ni kama kula andazi kabla ya chakula cha usiku. Ukizidiwa, jilaze dakika 20 au 30, kabla ya saa tisa alasiri. Chai na kahawa zikome saa sita mchana, kwa sababu nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano au zaidi baada ya kunywa.

Kuhusu joto, kwetu huku wagonjwa huweka leso, yaani kanga, mbili au tatu kavu zilizokunjwa kichwani mwa kitanda na kitambaa chenye maji kwenye bakuli, ili mtu abadilishe kwa kupapasa gizani bila kuwasha taa wala kusimama. Ni jambo dogo lakini tofauti ni kubwa, kwani kinachouvunja usingizi kabisa mara nyingi si joto lenyewe, ambalo hupita kwa dakika chache, ila ni taa, kabati na kutembea.

Hofu usiijibie kitandani. Jioni, mapema, keti na daftari uandike kila unachoogopa, na mbele yake hatua utakayochukua: hili nitalipeleka kliniki, hili limeshapimwa, hili sina la kulifanya. Usiku likija, umeshaliandika. Lakini yapo ya kupeleka hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki: maumivu mapya ya mgongo au mifupa yanayozidi usiku na hayatulii, pumzi kubana, homa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutokwa damu ukeni, au huzuni inayokuondolea hamu ya kuishi. Na waombe wakupime wingi wa damu, maana upungufu wa madini ya chuma nao hufanya miguu isitulie usiku.

Mume kutoka Dodoma

Shemeji yangu mwalimu, naandika kama mtu wa upande wa pili wa kitanda. Mke wangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, na hadi leo tunaendelea na mazoezi ya mkono na maneno. Baada ya kurudi nyumbani alikuwa akiamka amechoka kama aliyelima, ingawa aliniapia kwamba amelala usiku kucha. Mimi ndiye niliyeona. Alikuwa akikoroma kwa nguvu, kisha kimya, kimya cha kutisha, kisha anashtuka kwa kukabwa na kuvuta pumzi. Nilirekodi kwa simu dakika chache, nikampelekea daktari, naye akasema wengi waliopata kiharusi hukatikiwa na pumzi usingizini hivyo. Tulishauriwa asilale chali, apunguze uzito, na ikibidi apate kifaa cha kumsukumia hewa. Kulala kwa ubavu peke yake kulibadilisha mengi. Nasema haya ili ndugu wa wagonjwa wajue kwamba mgonjwa hajioni akiwa usingizini. Mwombe mwenzako au mwanao mkubwa akuangalie usiku mmoja.

La pili ni lile la "Umelalaje?" Nilipolisoma nilimwita mke wangu nikamsomea, akalia, kwa sababu hajawahi kuweza kunieleza. Nilikuwa nikimwuliza kila asubuhi kabla hajafungua macho vizuri, na uso wangu ulikuwa ukingoja jibu zuri. Sasa simwulizi. Namletea uji, naketi kando yake, na akitaka kusema usiku ulikuwaje, anasema. Waambie wa nyumbani kwako ukweli mara moja, wote kwa pamoja, kisha waombe wakusalimie kwa salamu nyingine.

Mwalimu wa Tanga

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki saba, na naomba radhi kwa kukaa kimya muda wote huo. Nilitaka niwe na la kusema.

Vidonge vya jirani nilivirudisha duka la dawa. Daftari niliandika kwa wiki mbili, na hesabu ilikuwa ile ile aliyoikisia dada muuguzi, tofauti ya robo saa tu. Kliniki nilimkuta daktari mwingine, akanisikiliza bila kunikatiza, akaniandikia dawa ya mchomo wa vidole, akaagiza damu ipimwe, na ikaonekana nina upungufu ambao sasa unatibiwa. Maumivu ya ubavu niliyokuwa nikiyaogopa alinipima, akaniambia ni ya misuli na kovu.

Kukaa macho hadi saa tano usiku kulikuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Wiki ya kwanza nilisahihisha madaftari ya watoto nikiwa nimesimama ili nisisinzie, na siku moja niliweka alama ya vyema kwenye jibu lisilo sahihi, nikalazimika kulirekebisha asubuhi. Wiki ya tatu nilikata tamaa, nikapanda kitandani saa mbili, na usiku huo ulikuwa kama zamani, kwa hiyo nikarudi kwenye utaratibu. Mahindi sina, lakini nimeanza kufuma vitambaa, sebuleni, kwa taa ndogo. Joto bado linakuja mara mbili au tatu kwa usiku. Kanga kavu ziko kichwani mwa kitanda, nabadilisha nimefumba macho, na mara nyingine asubuhi nakuta kanga imelowa sakafuni na sikumbuki niliivua saa ngapi.

Wiki iliyopita nililala saa tano na nusu katika saa sita kwa siku nne, hivyo juzi nimejiongezea robo saa ya kwanza; sasa napanda kitandani saa tano kasorobo. Saa kumi bado huwa naamka mara moja moja, na hofu bado inanijua ninapolala.

Nyumbani niliwaambia, wote tukiwa mezani. Binti yangu mdogo aliuliza basi atanisalimia vipi. Tumekubaliana kwamba asubuhi ataniambia tu, "Mama, nimeamka," nami namjibu, "Nami nimeamka." Shuleni bado sijawaambia. Mwalimu mkuu ananiuliza kila siku getini, na ni mtu mwema; naomba mwenye uzoefu wa kulieleza jambo hili kazini anisaidie maneno.